Mkanda wa Mlangoni

Leo asubuhi Mwalimu Elia amekuja tena kutoa pole. Kama kawaida yake amekaa barazani na wanaume wenzake, fimbo katikati ya magoti, akaanza. "Wembe wa marehemu," akasema, "ulikuwa hauumi. Unakaa kwenye kiti, unasinzia, ukiamka kidevu kimekuwa kama cha mtoto." Wenzake wakaitikia, kweli, kweli, na mmoja akaongeza kwamba vinyozi wa siku hizi ni mashine tu za kupiga kelele, mkono hawana. Mie nimo ndani, edani, nyuma ya ukuta huohuo, nasikia kila neno. Mume wangu Salum nimemlilia na bado namlilia, Mungu amrehemu. Tumeishi naye tangu mie kigori mpaka meno yakaanza kuniaga, na si nia yangu kumsema maiti ambaye kaburi lake halijakauka. Lakini kila wakisema "wembe wa Salum" roho yangu inaruka. Tangu tumzike najikaza kisabuni, nameza mate, naangalia ukuta. Wembe wa Salum! Haya.

Basi kwa kuwa sina pa kwenda, na kazi yangu ni kukaa na kukumbuka, acha niukumbuke mwaka ule wa kwanza wa ndoa yetu, hapahapa Temeke. Miaka ya hamsini ndiyo kwanza ilikuwa inaanza, na kwenye shilingi bado kulikuwa na kichwa cha mfalme wa Waingereza. Nyumba ilikuwa ya miti na udongo, paa la makuti, ukumbi katikati. Mama mkwe alikuwa na chumba cha kulia, sie cha kushoto, upande wa barabara ya kwenda Mtoni. Chumba chetu kilikuwa na kitanda cha kamba, sanduku langu la harusi, mkeka na dirisha dogo la ubao, basi. Nje ya ukuta wetu Salum alikuwa ameegemeza kibanda cha makuti, na ndani yake kiti kimoja cha mikono, kioo kilichopasuka pembeni na benchi la wanaosubiri zamu. Mtu akikohoa kibandani, mie kitandani namsikia. Nilijua nani kaachwa na mkewe, nani kagombana na nyapara bandarini, nani anajidai mgonjwa ili asiende kazini. Ukuta ule haukuwa ukuta, ulikuwa pazia la udongo.

Kwenye mwimo wa mlango wa chumba chetu, upande wa ndani, kulikuwa na msumari mkubwa, na kwenye msumari huo ulining'inia mkanda wa kunolea nyembe. Ulikuwa na pande mbili, mmoja wa turubai, mmoja wa ngozi. Salum alikuwa na nyembe tatu za kukunja, zile ndefu za kizamani, na mmoja kati ya hizo, mdogo kuliko wenzake, ulikuwa na mpini wa pembe ya ng'ombe iliyolainika kwa kushikwa. Mkanda huo ulikuwa msahafu wake wa pili. Fundi wake wa Kariakoo alimfundisha masharti, naye akanifundisha mie kwa maneno, tena vizuri sana, sikatai. Mkanda unavutwa mpaka unyooke, haulegei. Unaupasha kwanza kwa kiganja, unaisugua ngozi mpaka ipate joto la mkono. Unaanza na turubai, unamalizia na ngozi. Wembe unalala bapa, hauinuki, na unatembea mgongo mbele, makali yakifuata nyuma, kwa maana ukitanguliza makali umekata ngozi na umeua wembe kwa pamoja. Ukifika mwisho unaugeuza kwa kuubiringisha juu ya mgongo wake, kama mtu anavyojigeuza usingizini, halafu unarudi. Huukandamizi. Uzito wake unatosha. Na wembe uliofanya kazi leo kesho unapumzishwa, unafutwa maji yote na kupakwa mafuta kidogo ya cherehani, kwa sababu hewa yetu hii ya pwani ina chumvi na chuma hakiipendi.

Hayo yote Salum aliyajua. Tatizo lake lilikuwa mdomo. Yule bwana hakuweza kunyamaza hata kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Anaanza kunoa vizuri, mara jirani anapita dirishani, "Aa, bwana Juma, ehe, ilikuwaje jana?" na huku mkono unakwenda peke yake, mkanda umelegea kama kamba ya nguo, wembe unageuziwa makali badala ya mgongo. Kwaru! Tayari kachana ngozi. Ukimwambia, anakwambia hiyo ngozi mbovu. Nilipoolewa nikakuta mkanda una makovu kama mgongo wa punda. Asubuhi moja alikuwa kachelewa na watu wamejaa benchini, akanitupia, "Zuhura, hebu nipitishie huo mmoja, mie natia sabuni." Nikaupitisha. Sikuwa na wa kuongea naye, basi nikawa nausikiliza. Kumbe mkanda una sauti! Ukienda sawa unatoa mlio mmoja, laini, mrefu, huo huo kwenda na kurudi. Ukikosea unakoroma. Nikafuata ule mlio laini mpaka wembe ukanyoa kinyweleo cha mkono wangu bila mie kuhisi. Salum akauchukua, akamnyoa mtu, nikamsikia yule mtu akisema, "Salum, leo umefanyaje?"

Tangu siku hiyo kazi ikawa yangu. Kila asubuhi baada ya sala, chai ikishaiva jikoni, nasimama mlangoni na mkanda. Salum anakunywa chai ya rangi na muhogo wa nazi, ananiangalia, anapiga domo. Ile ngozi yenye makovu niliisugua kwa jiwe laini la pwani na kuipaka mafuta ya nyonyo mpaka ikakubali kuwa ngozi tena. Watu wakaanza kuja. Wakaja wa kota za serikali, wakaja makarani, na Mwalimu Elia huyu huyu, wakati huo kijana mrefu kutoka bara, ngozi yake ya shingo inaota vipele kila akinyolewa. Kwa Salum vipele vikakoma. Nikamsikia akiuliza siri. Niliacha kufagia nikasimama na ufagio mkononi, nikasubiri nitajwe.

"Siri?" Salum akasema. "Mwalimu, hii ni ya babu yangu. Kuna dua. Usiku nausomea wembe, nauweka chini ya mto."

"Chini ya mto!"

"Chini ya mto. Hata mke wangu hajui."

Wallahi ufagio ulinianguka. Dua! Chini ya mto! Mto ule nilikuwa naulalia mie, hapakuwa na wembe wala sindano. Mchana alipoingia kula nikamwekea ubwabwa na mchuzi wa papa, nikakaa mbele yake, sikula. Akaniuliza nina nini. Nikamwambia, "Bwana, ile dua unaisoma saa ngapi? Nami niisikie." Akacheka mpaka akapaliwa. Akasema, "Zuhura, we mtoto kweli. Unataka niwaambie watu wembe wangu unanolewa na mwanamke? Watakimbia wote." Nikamjibu kwamba hawakimbii, wanakuja. Akanyamaza, na Salum kunyamaza si jambo dogo. Halafu akanawa mikono, akaleta ule wembe wa mpini wa pembe, akauweka juu ya mkeka mbele yangu. "Sikiliza. Una mimba. Ukijifungua salama, mtoto akitimiza arobaini, huu ni wako. Nakupa mbele ya Mungu. Fanya nao unalotaka."

Alijua nilitaka nini, nilikuwa nimeshamwambia. Temeke yote, mpaka Keko na Mtoni, mtoto akifika arobaini aliitwa Bi Tabu kuja kumnyoa nywele za tumboni. Bi Tabu alikuwa mwanamke mkubwa, mkono wake umeanza kutetemeka, na akina mama walikuwa wanafumba macho akianza. Alishaniambia uani kwake, huku akinimenyea chungwa, kwamba hana binti, na kazi ile inataka mtu mwenye utulivu na mwenye wembe wake mwenyewe, si wa kuazima. Wembe wangu mwenyewe! Nilitaka kuitwa. Nilitaka mtu asimame mlangoni apige hodi aseme, namtaka Zuhura, asiseme namtaka mke wa Salum. Basi nikala ule ubwabwa umepoa, kwa furaha, na kwa miezi iliyofuata ule wembe mdogo niliunoa kwa mapenzi kuliko hizo mbili nyingine.

Halafu mama mkwe akaingilia. Tumbo lilipokuwa kubwa alinikuta mlangoni na mkanda, akapiga kofi mapajani. "Makubwa haya! Mwenye mimba anashika makali? Unataka mjukuu wangu azaliwe mdomo wa sungura?" Nikamwambia, "Mama, mbona kisu cha jikoni nakishika kila siku?" Akasema nisimjibu. Salum aliulizwa, akaangalia paa. "Mama kasema," akasema. Basi nikanyang'anywa mkanda, na Salum akarudi kunoa mwenyewe.

Loo, mateso gani yale! Asubuhi nimelala ubavu, mtoto ananipiga mateke, nasikia mkanda mlangoni, hatua mbili kutoka kichwani pangu. Laini, laini, mara, "Ehe, bwana Juma!" Kwaru. Nikisema, "Umeulegeza," ananiambia nilale. Nikisema, "Umegeuza vibaya," ananiambia mama atasikia. Na kibandani mambo yakaharibika, nikayasikia yote. Mtu anavuta pumzi kwa meno, ssss. Salum anasema ni masika, unyevu unaharibu chuma. Siku nyingine ni sabuni ya siku hizi. Siku nyingine, "Ndevu zako hizi, bwana, umelala nazo vibaya." Ndevu zimelaliwa vibaya! Mwalimu Elia vipele vikarudi, nikamsikia akiuliza kwa upole wake wa kibara, "Salum, ile dua umeisahau?" Benchi zima likacheka. Hata mie ndani nikacheka, halafu nikalia, maana nilijua dawa iko wapi na nimekatazwa kuigusa.

Nikajifungua mtoto wa kiume, Athumani. Sasa ikawa ndiyo nimefungwa kabisa. Siku za arobaini mzazi hatoki, yuko chumbani na mtoto, asubuhi anakandwa maji moto, anapewa uji wa pilipili manga na supu ya kuku, mlango unafunguliwa kidogo tu. Mama mkwe alinitunza vizuri, nisimdhulumu, lakini mkanda aliuhamishia ukumbini ili nisitie mkono. Nikabaki na mlio wake tu, na sasa ulikuwa ni mkoromo kutoka mwanzo mpaka mwisho. Nilikuwa nanyonyesha nikiwa nimeuma meno. Nilijiliwaza kwa jambo moja, kwamba arobaini inakuja, na ahadi iko mbele ya Mungu. Nilimwambia Athumani, wewe ndiye kichwa changu cha kwanza.

Siku yenyewe nyumba ilijaa. Wanawake ukumbini wamekaa mikekani, ubani unafuka, pilau uani. Wanaume barazani na kibandani. Bi Tabu akaja kajifunga kanga mpya, akanong'oneza kwamba atamnyoa mtoto mbele na utosini, kisha atanipa wembe nimalizie mbele ya watu, na hapo ndipo atatamka kwamba kazi ananiachia mie. Mama mkwe akaleta wembe wa mpini wa pembe kwenye sahani, juu ya kitambaa cheupe. Nikaukunjua. Nikautazama kwenye mwanga wa mlango, na makali yalikuwa na meno. Wembe wangu mwenyewe, nilioulea miezi yote ile, una meno kama msumeno!

"Huu haumgusi mwanangu," nikasema.

Mama mkwe akaniambia nisimtie aibu, wembe kaunoa baba mtu mwenyewe asubuhi. Nikamwambia, "Ndiyo maana, mama." Kuna aliyeguna, kuna aliyecheka ndani ya kanga. Nikampa Bi Tabu mtoto, nikaenda kwenye mkanda palepale ukumbini, nikauvuta. Mkanda nao wameuchanachana. Nikatafuta upande wenye afya, nikaupasha kwa kiganja, nikaanza, turubai kwanza, muda mrefu, kwa sababu meno hayatoki kwa haraka. Watu wote wananiangalia mgongo. Mama mkwe anahema kwa hasira. Nikasikia ule mkoromo unapungua, unapungua, kisha ukaja mlio wangu, laini, kwenda na kurudi. Nikahamia ngozi. Nilipomaliza nilijaribu kwenye mkono wangu, kinyweleo kikaondoka bila habari, nikampa Bi Tabu. Mkono wake ulitetemeka lakini wembe haukumwangusha. Akaniachia kisogo na pembeni mwa masikio, kule kugumu. Athumani hakuamka. Nywele zikakusanywa kwenye kitambaa, vigelegele vikapigwa mpaka wanaume wakaacha kuongea nje.

Bi Tabu hakupoteza muda. Akamwita Salum mlangoni, naye akaja anachekacheka, wanaume nyuma yake wakinyoosha shingo, Mwalimu Elia akiwa mmojawapo. "Salum baba," Bi Tabu akasema, "mwanao kanyolewa kalala. Waambie watu, wembe huu kaunoa nani?"

Nilimwangalia usoni. Sikumwomba mengi. Jina langu tu, mara moja, mbele ya watu. Nikaona macho yake yamenijia, nikaona midomo imeanza, kisha akageuka kuwatazama wale wanaume. "Aa, Bi Tabu nawe," akasema, "wembe wa Salum si mnaujua? Hauumi!" Wakacheka wote barazani. Akainama, akauchukua wembe kutoka kwenye sahani, akaukunja, akautia mfukoni mwa kanzu. "Kuna mtu kitini," akasema, akaondoka. Bila wembe wangu mwenyewe, Bi Tabu hakuweza tena kutamka kwamba kazi ananiachia mie. Mama mkwe akaanza kugawa pilau.

Usiniulize kama niligomba. Niligomba. Aliniambia ule wembe anauhitaji kidogo, atanunua mwingine, atanipa. Hakununua. Nikagoma kunoa, nikaushikilia mgomo wangu kwa kiburi, mpaka asubuhi moja nikachungulia dirishani nikamwona Mwalimu Elia anatoka kibandani na leso shavuni, imelowa damu. Nikashindwa. Watu wasione nilimwonea huruma Salum. Sikuweza tu kuvumilia kazi mbovu inafanyika mlangoni pangu huku mikono yangu mizima. Nikaurudisha mkanda kwenye mwimo wa chumba chetu, nikauvuta, na sikuuacha tena mpaka Salum alipoacha kazi kwa uzee. Bi Tabu alifariki, watoto wa arobaini wakanyolewa na mwanamke wa Keko kwa viwembe vya dukani. Hakuna aliyewahi kupiga hodi kumtaka Zuhura.

Sasa Mwalimu Elia yuko barazani anasema wembe wa Salum. Nyumba siku hizi ni ya matofali lakini dirisha liko wazi. Athumani, ambaye ni mzee sasa naye, alikuwa ndani na mie, ameniletea sanduku la bati la vitu vya baba yake niangalie cha kugawa. Ndani yake nikauona wembe wangu, umefungwa kwenye kitambaa, mpini wa pembe, na chini yake mkanda umekunjwa. Na nje Mwalimu anarudia, "Hauumi kabisa, jamani." Sijui nini kilinipata. Nikaenda nikasimama kando ya dirisha, nikapaza sauti.

"Mwalimu Elia! Wembe ule nilikuwa nanoa mie!"

Mkwe wangu, mke wa Athumani, akanishika kanga. "Mama, uko edani!" Najua niko edani. Nikasikia fimbo ya Mwalimu inakwaruza sakafu, kisha sauti yake, ya upole kama zamani.

"Tunajua, Mama Athumani. Si tulikuwa tunakusikia? Tukipita asubuhi tukasikia mkanda unalia vizuri, tunakaa benchini. Tukisikia unakoroma, tunasema leo yuko Salum, mwenyewe hayupo, na wengi tunapitiliza kazini na ndevu zetu." Wazee wenzake wakacheka, wakaitikia, kweli, kweli.

Nikashika nondo za dirisha. "Na siku ya arobaini ya mwanangu? Ulikuwepo mlangoni. Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

Mzee mmoja akakohoa, akaomba maji. Nilirudi nikakaa kitandani. Nilidhani kujulikana kutanipoza, kumbe hasira imerudi mbichi, tena safari hii haina mtu mmoja wa kumwangukia, maana walijua wote, benchi zima, miaka yote. Athumani alikuwa ananiangalia, mkono kichwani, anajipapasa kisogo kile nilichomnyoa mwenyewe. Akautoa wembe kwenye kitambaa. Una kutu kidogo karibu na mpini. Akaniwekea kiganjani.

Nikamwambia akatafute msumari mkubwa na nyundo, anigongee pale mlangoni.